Matone Mawili Kila Tundu

Mtendeni, Tabora
9 Juni 1952

Mwanangu Damas,

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba pua ikiziba imejaa kamasi. Basi hupenga, wakapenga tena, mpaka masikio yakapiga kelele na damu ikatoka, na pua ikabaki imeziba vilevile. Mara nyingi hakuna cha kutoa. Kilichoziba ni nyama ya ndani yenyewe, imevimba. Wewe unaujua mlango wa mninga wakati wa masika: hakuna aliyeongeza ubao, lakini haufungiki, kwa sababu mti umekunywa maji ukajaa. Pua nayo ni hivyo. Mavumbi ya kiangazi yakiingia, au mafua, mishipa midogo iliyomo ndani hujaa damu, na njia ikawa nyembamba. Kupenga ni sawa na kuupiga mlango teke.

Barua yako ya mwezi uliopita nimeisoma mara mbili. Unasema tangu Pasaka hunusi vizuri, na tarehe nane Septemba utaitwa hapa Tabora mbele ya bwana mkaguzi wa misitu, upewe mikate kumi na miwili ya nta uitenganishe: iliyo safi, iliyoungua, iliyochanganywa na mafuta ya ng'ombe. Ukifaulu utakuwa mkaguzi wa nta wa Nzega nzima. Ukishindwa, hata kazi ya ghalani uliyo nayo atapewa mwingine. Nimeelewa. Mnusa nta bila pua ni kama mwadhini bila sauti.

Marehemu baba yako Marko alipika uji wa wagonjwa miaka kumi na moja hospitalini nami nikichanganya dawa chumba cha pili, kwa hiyo nakuandikia kama mzazi. Nimestaafu, lakini kiduka changu hakikosi dawa ndogondogo zile ambazo mtu hununua bila cheti cha daktari. Saidi, dereva wa lori, atakuletea kichupa cha kahawia chenye bomba la glasi na kichwa cha mpira. Ni matone ya efedrini. Maandishi yake ni ya Kiingereza, kwa hiyo nimekuandikia kikaratasi na kukifunga shingoni mwa chupa: "Matone mawili kila tundu, kila pua inapoziba." Lala chali, kichwa kining'inie ukingoni mwa kitanda, tia, kisha tulia kidogo.

Msalimu mkeo Tekla. Mwambie naikumbuka asali yake.

Mzee wako,
Yahaya bin Feruzi


Nzega
17 Juni 1952

Mzee wangu Yahaya,

Shikamoo. Saidi amefika, na kichupa hakikuvunjika ingawa alikiweka chini ya kiti pamoja na spana zake.

Mzee, nilitia matone kama ulivyoniagiza, na kabla sijahesabu mia moja nikasikia mlio mdogo ndani ya kichwa, kama mtu amefungua dirisha. Nilikwenda ghalani siku hiyohiyo. Niliisikia nta kutoka mlangoni. Nta safi ina harufu ya maua yaliyokauka, iliyoungua ina harufu ya sufuria iliyosahauliwa, na ile yenye mafuta ina harufu ya jiko la jirani. Kornel wa Lusu alileta mikate sita. Nikauweka mmoja pembeni.

"Huo una nini?" akaniuliza.

"Una ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Sijui jina lake. Lakini mafuta yake yamo."

Watu walicheka, naye akacheka, kisha akauchukua mkate wake akaurudisha kwenye baiskeli bila kubisha. Ndipo nikajua nimerudi kazini.

Nashukuru sana. Tekla anasema asali itakuja mwezi wa saba.

Mwanao,
Damas


Nzega
20 Julai 1952

Mzee wangu,

Shikamoo. Sisi wazima. Jirani yangu amesikia habari za ile dawa na mafua yamembana. Kama una kichupa kingine, mpe Saidi. Na kama ni viwili itakuwa vizuri zaidi, maana jirani huyo naye ana ndugu.

Kazi inaendelea.

Damas


Mtendeni, Tabora
24 Julai 1952

Mwanangu Damas,

Nampa Saidi vichupa viwili, kimoja cha jirani na kimoja cha ndugu wa jirani. Kiangazi hiki kina mavumbi. Hata hapa mjini magari yakipita njia ya Ujiji nyumba zote zinageuka rangi moja.

Kwa kuwa hukuniuliza, nitakueleza: dawa hii hailegezi kamasi, wala haiui mdudu wa mafua. Inaibana ile mishipa iliyojaa, damu inapungua, na nyama inasinyaa. Ndiyo maana hufanya kazi upesi. Mafua yenyewe huondoka kwa siku zake. Waeleze jirani na ndugu yake, maana mgonjwa anayejua dawa yake inafanya nini huitumia kwa heshima.

Barua yako ilikuwa fupi. Baba yako naye aliandika kifupi alipokuwa na jambo.

Mzee wako,
Yahaya


Lusu, Nzega
5 Agosti 1952

Kwa Mzee Yahaya,

Shikamoo. Ni mimi Tekla. Damas hajui kwamba naandika. Nimeona nisipoandika, siku ya mtihani itafika na wewe utakuwa wa mwisho kujua, na hilo si haki kwako.

Hakuna jirani, Mzee. Hakuna ndugu wa jirani. Vichupa vyote ni vyake, na kimoja zaidi alikinunua dukani Nzega. Mwanzo alitia asubuhi na jioni. Sasa anatia kabla ya kazi, kabla ya chakula, kabla ya misa, na akirudi misa. Dawa inamfungua kwa saa moja, kisha pua inaziba kuliko ilivyokuwa, naye anasoma kile kikaratasi chako kwa sauti, kila pua inapoziba, na kutia tena. Moyo unamwenda mbio. Usingizi haupati. Juzi maharage yaliungua mpaka nyumba ikajaa moshi, naye amekaa pale anashona kiatu, hana habari.

Na kuna jambo la pili, ambalo ni kosa langu mimi. Tangu katikati ya mwezi wa saba nakwenda naye ghalani. Nakaa mlangoni na ukili wangu, nasuka. Mtu akileta nta mbaya, nakohoa. Damas anaikataa. Mimi nilizaliwa kwenye nyumba ya warina asali. Nikiwa na shaka na pua, nakata kipande kidogo na kukitafuna. Nta safi huvunjikavunjika mdomoni, haishiki meno. Yenye mafuta hushika na kuteleza. Mpaka sasa hatujakosea mkate hata mmoja. Lakini wiki iliyopita Kornel alimwambia Damas mbele ya watu, "Shemeji yangu Tekla ana kifua kibaya, lakini kinamsumbua siku ninazokuja mimi tu. Mpeleke hospitali." Damas akacheka. Aliporudi nyumbani hakula.

Tarehe nane Septemba sitakuwapo mlangoni. Tufanye nini?

Mwanao,
Tekla


Mtendeni, Tabora
9 Agosti 1952

Mwanangu Damas na mwanangu Tekla,

Nawaandikia nyote wawili kwa karatasi moja, kwa sababu jambo hili halina tena upande wa kufichwa. Damas, usimkasirikie mkeo. Nikasirikie mimi, na nitakueleza kwa nini.

Nilipopata barua ya Tekla nilichukua chupa moja kabatini, nikavaa miwani, nikasoma maandishi yake yote, mpaka yale madogo ya chini. Yameandikwa: asubuhi na jioni, si zaidi ya siku tatu mfululizo. Nikatafuta nakala ya kikaratasi nilichokufungia. Nimeandika matone, nimeandika tundu. Siku sikuandika. Miaka yote ya hospitali siku zilihesabiwa na daktari kwenye cheti, mimi nilihesabu matone. Nilipofungua kiduka hapakuwa na cheti, na nilisahau kwamba ile hesabu sasa ni yangu. Halafu nikakuandikia "kila pua inapoziba", maneno ambayo hayamo kwenye chupa hata kidogo. Niliyatunga mimi, kwa kutaka Kiswahili changu kieleweke vizuri.

Sasa sikiliza kilichotokea ndani ya pua yako. Baba yangu alibeba chumvi kutoka Uvinza kuja Tabora enzi za misafara. Alikuwa akisema mpagazi aliyezoea kuamshwa kwa kiboko, siku mnyapara akichelewa haamki kabisa, hulala mzito kuliko mtu ambaye hakupigwa kamwe. Mishipa yako imekuwa mpagazi huyo. Dawa inaibana, dawa ikiisha inavimba kupita kiasi, unaibana tena. Mafua yako yaliisha zamani, Damas, huenda mwezi wa sita uleule. Ugonjwa ulio nao sasa ni wa dawa.

Dawa yake ni kuacha. Lakini ukiacha tundu zote mbili kwa mara moja hutapumua, na saa moja baadaye utaichukua chupa. Nimewaona watu hospitalini. Kwa hiyo fanya hivi: kuanzia siku ya barua hii, tundu la kushoto usilitie hata tone. La kulia litie asubuhi na jioni tu. La kushoto litakusumbua siku nne, tano, kisha litaanza kufunguka lenyewe. Likifunguka, ndipo uliache la kulia. Unakuwa na mlango mmoja wa kupumulia wakati wote.

Na kwa kusaidia: chemsha maji, yaache yapoe yawe vuguvugu, kikombe kimoja, tia chumvi nusu kijiko cha chai. Chota kiganjani, vuta puani taratibu, toa. Mara tatu kila upande, alfajiri, adhuhuri na jioni. Sisi tunaotawadha tunapandisha maji puani kila siku tangu utotoni, nami sijawahi kuona hasara yake. Ukiambiwa Mzee Yahaya amekusilimisha, sema amekusilimisha pua tu.

Siku zimebaki thelathini. Zinatosha, zikianza leo.

Yahaya bin Feruzi


Nzega
23 Agosti 1952

Mzee wangu Yahaya,

Shikamoo. Nimekaa siku kumi na moja bila kuandika, kwanza kwa hasira, halafu kwa aibu, halafu kwa kukosa usingizi. Hasira haikuwa kwako. Nilisema jirani kwa sababu baba yangu alikusifu mbele yangu miaka mingi, nikaona mtoto wa Marko hawezi kuandika kwamba ameishika chupa kama mlevi.

Tundu la kushoto lilikuwa jiwe kwa siku sita. Siku ya saba, wakati nafunga kamba ya kiatu, nikasikia harufu ya ngozi. Sikumwambia Tekla mpaka nikaenda jikoni, nikafunua chungu, nikahakikisha. Jana nimeacha la kulia.

Sasa sikia matunda ya maji yako ya chumvi. Navuta maji nyuma ya nyumba alfajiri, na katekista wetu Bernardo hupita njia hiyo kwenda kupiga kengele. Jumamosi alisimama.

"Damas, umeanza lini?"

"Nimeanza nini?"

"Usinifiche. Maji puani, mara tatu, tena kabla ya jua. Nimekuhesabia siku nne."

"Ni dawa, Bernardo. Maji ya chumvi."

"Nani kakufundisha?"

Nami, kwa ujinga, nikajibu, "Mzee Yahaya wa Mtendeni."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokitafuta. Jumapili yote watu waliniangalia nikipiga magoti, kuona kama nimesahau. Wanawake kisimani wamemuuliza Tekla sasa nitaitwa nani, na kama yeye atakuwa Mwamvita. Tekla amewajibu kwamba jina ni zuri, atalifikiria.

Nilimwita Bernardo nyumbani nikampa kikombe. Naye kumbe pua yake hufunga kila kiangazi. Alivuta, akapiga chafya, macho yakamtoka machozi. Kisha akaniuliza, "Nusu kijiko, au kijiko kizima?" Sasa tunavuta wawili, na uvumi umekwisha, au umekuwa mkubwa mno kusemwa.

Zimebaki siku kumi na sita.

Mwanao,
Damas


Lusu, Nzega
29 Agosti 1952

Mzee wangu,

Shikamoo. Tundu la kulia la Damas limekuwa gumu kuliko la kushoto. Jumanne alinijia akaniuliza chupa iko wapi. Nilikuwa nimeiweka juu ya kabati, wala sikuificha, maana nilijua nikiificha atakuwa ananitafuta mimi na si chupa. Nikamwonyesha kwa kidole. Akaichukua, akaishika muda mrefu. Kisha akatoka nje, akampa Getruda wa nyumba ya tatu, ambaye mafua yamemshika tangu Jumapili. Amempa na kile kikaratasi chako. Getruda amefurahi mno, anasema ile siku ya kwanza tu alipumua kama msichana. Kwa hiyo hakuna kilichoharibika, na yule jirani aliyemtunga kwako amekuja kuwa wa kweli.

Siku hizi mimi siendi ghalani. Kornel ameuliza kama nimepona kifua. Damas amemwambia nimepona, na mkate wake wa tatu una mafuta.

Ameng'ang'ania nimfundishe kutafuna. Nimempa vipande jikoni akiwa amefumba macho na kuziba pua kwa vidole. Mwanzo alikuwa anakosea. Sasa anakosea kidogo.

Atafika kwako Jumapili kwa lori la Saidi. Mpe kitanda kisichokuwa karibu na kabati lako la dawa.

Tekla


Mtendeni, Tabora
9 Septemba 1952

Mwanangu Tekla,

Damas yumo chumba cha nje amelala, naye atachelewa kwa siku mbili kwa sababu lori la Saidi limevunjika springi. Nimeona nikutumie habari kwa basi la posta, usikae roho juu.

Jana asubuhi kabla ya kutoka alisimama hapa dukani mbele ya kabati. Upande wa kushoto anapumua vizuri. Wa kulia, nusu. Nami nikiwa nyuma ya meza nilikuwa nafikiri jambo ambalo sikupaswa kulifikiri: matone mawili, mara moja tu, kwa ajili ya saa moja ya mtihani. Mkono wangu ulikwishafika kwenye kitasa. Nilijiambia kwamba mara moja haina madhara, na kwa mtu mwingine labda ingekuwa kweli. Yeye ndiye aliyesema, "Mzee, ukinifungulia hiyo, nitarudi Nzega na pua ya saa moja." Nikauondoa mkono. Nimefundisha watu miaka thelathini, jana nikafundishwa dukani kwangu.

Walikuwa watu wanne. Sisi tuliowasindikiza tuliruhusiwa kukaa barazani, na madirisha yalikuwa wazi. Mikate kumi na miwili ilipangwa mezani, kila mmoja na namba. Damas alikwenda taratibu, akigeuza kichwa upande, ananusa kwa kushoto. Wenzake walimwona wakafikiri ana shingo mbaya. Mikate kumi na mmoja aliisema bila kusita. Ule wa tisa aliurudia mara mbili, akaurudia mara ya tatu. Nikaona jasho shingoni mwake. Kisha akamwambia bwana mkaguzi, kwa Kiswahili na sauti ya kawaida, "Huu pua yangu haijui. Niruhusu niutafune."

Bwana yule akamtazama. Wenzake wakacheka. Mmoja akasema, "Nta si muwa, ndugu."

"Mke wangu hutafuna," Damas akasema. "Hajakosea mpaka leo."

Akapewa kisu. Akakata kipande kama punje ya mtama, akatafuna, akatema kiganjani, akakitazama. Akasema, "Mafuta. Kidogo sana. Aliyechanganya anajua kazi yake."

Ndivyo ilivyokuwa. Wale wengine watatu walikuwa wameuita safi. Bwana mkaguzi akamfanya arudie, akaandika kwenye kitabu chake jinsi nta inavyotafunwa, akauliza jina lako linaandikwaje. Damas amepewa kazi. Anaanza tarehe mosi Oktoba, Nzega yote, na baiskeli ya serikali. Njiani kurudi, tulipofika sokoni, akanunua samli ya nusu kibaba, akaifungua palepale akainusa kwa tundu la kulia. Akasema, "Mzee, inakuja." Kisha akalia kidogo, nami nikajifanya natazama miembe.

Sasa, mwanangu, nisikilize vizuri, kwa maana barua hii sikuiandika kwa ajili ya habari njema peke yake. Ilipofika ile yako ya mwisho, niliisoma kwa haraka nikatafuta habari za Damas tu. Leo nimeisoma kwa utulivu, nikafika pale pa Getruda. Kuanzia wiki iliyopita nimekuwa nikizunguka hapa Mtendeni, nyumba kwa nyumba, kwa watu wote niliowafungia kikaratasi kile. Ni nyumba saba. Mwanahawa mshona kofia ametia matone tangu mfungo uliopita. Alidhani amerogwa. Nimemkalisha, nimemweleza habari za mlango wa mninga, na za mpagazi, amenitukana kidogo kwa haki yake, na ameanza na tundu la kushoto. Zote saba nimezimaliza. Ya nane iko Lusu, nyumba ya tatu kutoka kwako, na mimi siwezi kufika kwa miguu.

Getruda ameanza tarehe ishirini na sita Agosti. Barua hii ikikufikia, itakuwa zaidi ya wiki mbili. Furaha yake ni ileile ya Damas mwezi wa sita. Kikaratasi kilichomo shingoni mwa chupa ni mwandiko wangu, na kinamwambia aendelee.

Usingoje Damas arudi. Leo, kabla hujateka maji, nenda kwa Getruda ukaichukue ile chupa.

Mzee wako,
Yahaya bin Feruzi